Kabla Hujanunua Skana



Wahenga walituachia neno: mali bila daftari hupotea bila habari. Wafanyabiashara wetu walilisikia, wakaweka daftari. Baada ya daftari wakaweka mafaili, baada ya mafaili makabati ya chuma, na baada ya makabati wakapanga maboksi juu yake mpaka yakagusa dari. Leo wako wengi wenye kumbukumbu za kila shilingi iliyoingia na iliyotoka, ila hawajui ziliko. Jioni hii tuzungumze juu ya karatasi hizo. Biashara yenye makabati manne matano ya nyaraka, ikitaka kuziingiza kwenye kompyuta, ifuate njia ipi?

Nitachukua mfano wa ofisi ya wakala wa forodha, hawa tunaowaita watu wa kliaringi, kwa kuwa ofisi za namna hiyo zimejaa Dar es Salaam na Mombasa, na kazi yao haiendi bila karatasi. Kontena moja likitoka bandarini linaacha nyuma yake rundo zima: bili ya shehena, ankara ya muuzaji wa ng'ambo, orodha ya vifurushi, tamko la forodha, stakabadhi za ushuru, malipo ya bandari, malipo ya wakala wa meli, hati ya kukabidhi mzigo, na barua mbili tatu za kubishana. Kama wewe una duka la vipuri, shule binafsi, zahanati au kampuni ya ujenzi, badilisha majina ya karatasi tu. Habari ni ileile.

Sasa sikiliza. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa ofisa wa forodha mamlaka ya kudai vitabu na nyaraka za mzigo ndani ya miaka 5 tangu uingie nchini. Kwa hiyo barua inaweza kufika asubuhi ya leo ikitaka karatasi za kontena la matairi la miaka mitatu iliyopita. Barua ikishafika, ofisi nzima inasimama. Anayejua ni mtunza masjala, na mtunza masjala yuko likizo Korogwe. Anapigiwa simu. "Mama, shikamoo. Samahani kwa kukusumbua. Lile faili la matairi uliliweka wapi?" Naye huko aliko, jembe mkononi, anajibu bila hata kufikiri: "Marahaba. Angalia kabati la pili, droo ya chini kabisa, nyuma ya mafaili ya mchele. Msilitafute kwa jina hili la sasa, wakati ule kampuni ilikuwa haijabadilisha jina." Linapatikana.

Bosi anashusha pumzi, halafu anakasirika. "Haiwezekani ofisi nzima imtegemee mtu mmoja! Leteni skana, karatasi zote ziingie kwenye kompyuta."

Kukasirika kwake ni haki. Amri yake ndiyo yenye kasoro. Hebu tazama kilichotokea. Faili lile lilichelewa kupatikana kwa sababu ramani ya kulifikia ilikuwa kichwani mwa mtu aliyeko shambani. Ukipitisha makabati yote kwenye skana bila kukitoa kile kilichomo kichwani mwake, utapata kabati lilelile, ila sasa limo ndani ya kompyuta, na nyaraka zake zinaitwa skani namba moja, skani namba mbili, mpaka skani namba elfu nne mia saba na kumi. Kwenye kabati la chuma angalau ungepapasa ukaona rangi ya jalada. Kwenye kompyuta hakuna cha kupapasa.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua kalamu kama iko karibu. Kabati la chuma la droo nne, likijaa, hubeba karatasi kama 10,000. Skana ya mezani ya bei ya kati, ile yenye trei inayojilisha karatasi yenyewe, hupitisha karatasi 30 kwa dakika, mbele na nyuma kwa mkupuo mmoja. Elfu kumi gawa kwa thelathini, unapata dakika 333, yaani saa tano na nusu. Muuza mashine atakwambia kabati lako linaisha kwa siku moja. Hasemi uongo. Anachosema ni ukweli wa mashine.

Sasa zigeukie karatasi zenyewe. Zimepigwa pini, na juu ya pini kuna pini, maana kila meza iliyopitiwa na rundo hilo iliongeza ya kwake. Kuna risiti ndogondogo zilizogandishwa kwa gundi kwenye karatasi kubwa. Kuna nakala za kaboni, nyepesi, zinazochanika ukizishika vibaya. Kuna pembe zilizokunjwa zikaficha tarehe. Kila pini ing'olewe na kila pembe inyooshwe, kwa sababu pini moja ikipenya ndani ya mashine inakwaruza kioo, na kuanzia hapo kila ukurasa utatoka na mstari mwembamba kutoka juu mpaka chini, pengine umepita katikati ya tarakimu. Hiyo ni kazi ya vidole vya binadamu.

Halafu kuna kuzipa nyaraka majina. Tuseme kila waraka una karatasi tatu kwa wastani. Kabati lako lina nyaraka kama 3,300. Karani mwepesi atatumia dakika moja kwa kila waraka: aufungue, asome kama ni ankara au barua, ya nani, ya lini, namba ngapi, kisha aandike. Dakika 3,300 ni saa 55. Hizo ni siku saba za kazi, chai hakuna, kwa kabati moja. Mashine yenyewe ilimaliza zamu yake siku ya kwanza kabla ya saa nane mchana.

Kwa hiyo ukipewa bei ya kuskani peke yake, ujue hujapewa bei ya kazi. Uliza bei ya kung'oa pini, uliza bei ya kuzipa majina, uliza na bei ya kukagua. Asiyekutajia hizo tatu atakukabidhi flashi yenye picha elfu kumi, atakushika mkono, na hutamwona tena.

Turudi kwa yule mama wa Korogwe. Kabla shilingi ya kwanza haijatoka, kaa naye. Akirudi likizo, mtengee siku mbili, daftari liwe wazi mezani, na umuulize swali moja: watu wanapokuja kukuomba karatasi, huwa wanaitajaje? Utashangaa. Mhasibu huitaja kwa namba ya stakabadhi na mwezi. Meneja huitaja kwa jina la mteja. Ofisa wa forodha huitaja kwa namba ya tamko. Dereva huja na namba ya kontena, zile herufi nne na tarakimu saba zilizopakwa ubavuni mwake. Karatasi ni ileile moja, milango ya kuifikia ni minne. Kwenye kabati ulilazimika kuchagua mlango mmoja, kwa kuwa karatasi haikai kwenye droo mbili. Kwenye kompyuta unaweza kuifungulia yote minne, na faida kubwa ya kazi hii yote iko hapo. Ila milango ni ipi, mashine haijui. Anajua yeye.

Niseme na la pembeni. Ofisi nyingi zikileta mfumo mpya huanza kwa kumpunguza mtu wa masjala, eti kazi yake imechukuliwa na kompyuta. Mimi naona huo ni ubahili wa gharama kubwa. Mpe yeye usimamizi wa kazi yenyewe. Yeye ndiye anayejua mteja yupi amebadilisha jina mara tatu, faili lipi liligawanywa likawa mawili, na maboksi yapi yalilowa mwaka wa mvua kubwa yakaanikwa juani na kurudishwa bila mpangilio. Mfundishe kompyuta kwa wiki mbili. Kumfundisha kijana wa kompyuta anayoyajua mama huyu kutakuchukua miaka.

Haya, karatasi zipi ziingie? Jibu la bosi ni zote. Jibu langu ni chache kuliko anavyodhani.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya Tanzania ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5. Kenya nako, Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka huohuo inataka miaka hiyohiyo 5. Ya forodha tumeshaitaja, nayo ni 5. Basi ingia stoo ukafungue maboksi. Utakuta ankara za zamani ambazo hata aliyezisaini alishastaafu, kadi za salamu za sikukuu, nakala tatu tatu za barua moja, katalogi za viwanda vilivyokwisha kufungwa. Kuziskani hizo ni kuzilipia mara ya pili: kodi ya stoo ulishalipa, sasa unalipa na karani. Mhasibu na mwanasheria wako wakae chini waandike nini kinatunzwa na kwa muda gani. Penye kesi mahakamani au pingamizi la kodi ambalo halijaisha, karatasi zake haziguswi hata zikiwa na miaka ishirini. Mikataba inayoendelea, vivyo hivyo.

Zilizokwisha muda wake zichanwe. Nasema zichanwe, zisitupwe. Wote tumekula karanga zilizofungwa kwenye karatasi ya hesabu za mtu, au fomu yenye jina, namba ya simu na namba ya kitambulisho cha mteja asiyejua kama yuko mtaani anafungiwa karanga. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na Kenya ilitangulia na yake mwaka 2019. Karanga hizo sasa zinaweza kukupeleka mbele ya watu wenye mamlaka ya kutoza faini.

Kwa hizo zilizobaki, ushauri wangu ni huu: anza na ya leo. Weka tarehe, tuseme Januari mosi. Kuanzia siku hiyo kila karatasi inayoingia mlangoni inaskaniwa na kupewa jina siku hiyohiyo, kabla haijapigwa pini. Za zamani ziache kabatini. Ikitafutwa moja na ikapatikana, iskani palepale kabla hujairudisha. Ndani ya mwaka mmoja utaona wazi ni aina gani za karatasi zinazotafutwa kila mara, na ni makabati gani hayakuguswa na mtu. Na kila mwaka unaopita, fungu moja la zamani linatimiza miaka 5 na kuondoka lenyewe. Ukifika mwaka wa tano, karibu kila kinachodaiwa na sheria ya kodi kimo kwenye kompyuta, nawe hukuwahi kumlipa mtu kuskani kabati zima.

Njia hii haipendwi na wakubwa, nadhani kwa sababu haina sherehe. Hakuna siku ya kukata utepe. Na kweli kuna kazi ambazo haziwezi kufanywa hivi. Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa Kenya uliozinduliwa Nairobi mwezi Aprili 2021, haungeweza kuyapa kisogo majalada ya zamani, kwa kuwa hati ya kiwanja ya miaka sitini nyuma bado ina nguvu leo. Ankara ya matairi haina umri huo. Hata ndani ya biashara yako, kama kuna fungu moja lililofungamana, la aina moja, na linaloulizwa kila wiki, mfano majalada ya wafanyakazi au mikataba ya wapangaji, hilo lifanye kwa mkupuo ulimalize.

Sasa tuje kwenye vyombo, nisije nikaonekana nawakimbia wauza mashine.

Simu ya mkononi, kwa biashara ndogo, inatosha kuliko watu wanavyotaka kukiri. Weka karatasi juu ya kitu cheusi karibu na dirisha, simu iwe sambamba na meza, kivuli chako kisiangukie maandishi. Tena kuna karatasi moja ambayo simu ndiyo mkombozi wake: risiti ya mashine ya EFD, hizi mashine za kutolea risiti za kodi ambazo Tanzania tumekuwa nazo tangu 2010. Risiti ile haina wino. Karatasi yake imepakwa dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto, na dawa hiyo haidumu. Iache juu ya dashibodi ya gari, au itie kwenye mfuko wa plastiki ukidhani unaitunza, na baada ya miezi utakuta karatasi imebaki nyeupe, namba hakuna, kodi hakuna. Kama una tabia ya kuzikusanya risiti kwenye bahasha usubiri mwisho wa mwaka, acha kuanzia leo. Ipige picha siku uliyoipata.

Ubaya wa simu ni kwamba simu ina mwenyewe. Ankara ya kampuni ikikaa kwenye simu ya karani pamoja na picha za harusi ya binamu yake, siku karani akiacha kazi ankara inaondoka naye. Akiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa na tarakimu ndogo zinafifia. Aitume kama faili. Na programu ya kuskania aipakue kwa uangalifu. Agosti 2019 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Kaspersky ilitangaza kukuta programu hasidi ndani ya toleo la Android la CamScanner, programu iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni mia moja. Toleo hilo liliondolewa na baadaye likarudi limesafishwa, lakini ankara za watu zilikuwa zimekwisha kupita mlemle.

Skana ya mezani yenye trei ndiyo chaguo langu kwa ofisi ya watu watano mpaka thelathini. Inakaa juu ya meza ya masjala, inafanya kazi moja, na haina foleni ya watu wanaotoa kopi. Kampuni ya nje ya kuskani nayo ina mahali pake, kwenye lile fungu la mkupuo nililolitaja. Ukiiita, usiwape mkataba kwanza. Wape boksi moja la majaribio, na uchague boksi baya kuliko yote, lenye kaboni, risiti, na karatasi zilizolowa. Wakilirudisha, wape namba tano za kontena uwaambie wakutafutie nyaraka zake hapohapo mbele yako. Andikeni idadi ya karatasi zilizotoka ofisini na zilizorudi, na waulizeni boksi linalala wapi usiku. Wakisema linalala kwenye gari, waage.

Imebaki ile mashine kubwa ya fotokopi ambayo pia inaskani, na ambayo pengine mnayo tayari. Ni nzuri. Lakini ngoja nikusimulie kisa cha Ujerumani.

Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa huko aitwaye David Kriesel alionyeshwa mchoro wa jengo uliokuwa umepitishwa kwenye mashine ya ofisini ya Xerox. Kwenye mchoro kulikuwa na vyumba vitatu, na kila chumba kimeandikwa eneo lake. Kwenye karatasi halisi kimoja kilikuwa mita za mraba 14.13, kingine 21.11, kingine 17.42. Kwenye nakala iliyotoka kwenye mashine, vyumba vyote vitatu vilisomeka 14.13. Chumba kikubwa kinaonekana kikubwa kwa macho, lakini namba yake ni ya chumba kidogo. Tarakimu zilitoka safi, nyeusi, hazina ukungu wowote. Kriesel akachimba, akakuta na jedwali la gharama ambalo sita zimegeuka nane.

Chanzo kilikuwa hiki. Ili faili liwe dogo, mashine ilikuwa inakata ukurasa vipande vidogovidogo, inatafuta vipande vinavyofanana, inahifadhi kimoja na kukirudia kila mahali penye "mwenzake". Ikiona sita iliyofifia na nane, inaweza kuamua ni ndugu, ikaweka moja mahali pa nyingine. Xerox walitoa marekebisho ya programu yao. Lakini jiulize mashine ngapi duniani zilikuwa zimeshafanya kazi namna hiyo kwa miaka, na karatasi ngapi halisi zilikuwa zimeshachanwa kwa kuwa "nakala tunayo".

Skani yenye ukungu inajitangaza kuwa ni mbovu, ukaiona na kuirudia. Namba safi isiyo ya kweli haijitangazi. Kwa hiyo unapopanga mashine yako, usichague ubanaji mkali kwa ajili ya kuokoa nafasi. Nafasi ya diski siku hizi ni rahisi kuliko kosa la tarakimu moja kwenye tamko la forodha. Na kila siku, mtu asiye yule aliyeskani achukue nyaraka chache bila kuchagua, aweke karatasi na skrini ubavu kwa ubavu, asome namba kwa kidole. Pia ahesabu kurasa, kwa sababu mashine huweza kumeza karatasi mbili zikapita kama moja. Na ageuze nyuma. Nyuma ya hati ya kukabidhi mzigo mara nyingi ndipo mtunza stoo alipoandika kwa kalamu ya risasi kwamba maboksi mawili yamefika yamechanika, na mstari huo ndio utakaokutetea kwa bima.

Vipimo vyenyewe havihitaji maneno mengi. Nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa karatasi za kawaida za ofisi. Yenye muhuri au saini iskani kwa rangi, ili wino wa bluu uonekane ni wa bluu. Nyeusi na nyeupe tupu huifuta kaboni na kuugeuza muhuri doa. Hifadhi kwa PDF, na kama programu yako inakupa PDF/A chagua hiyo, imetengenezwa kwa ajili ya kufunguka hata miaka mingi ijayo. Majina yaanze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili kompyuta iyapange yenyewe: 2025-03-14, ankara, namba yake, jina la mteja. Programu za kusoma maandishi zipo, na moja iitwayo Tesseract ni ya bure na inasoma Kiswahili kilichopigwa chapa. Mwandiko wa mkono wa mtunza stoo haitauweza, hata wewe wakati mwingine huuwezi.

Je, ukishaskani, karatasi ichomwe? Usiwe na haraka. Hati miliki, mikataba yenye saini na mihuri, vyeti vya hisa, dhamana za benki na bili halisi ya shehena hubaki kama zilivyo, kwenye kasha lisiloshika moto. Nyingine, sheria imefungua mlango. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, ila mahakama itapima ulitengenezwaje, ulitunzwaje, na kama haukuguswa. Kenya, Sheria ya Ushahidi kifungu cha 106B inataka na cheti cha kuthibitisha rekodi hiyo ilipatikanaje. Kwa hiyo andika utaratibu wenu kwenye ukurasa mmoja: nani anaskani, kwa mashine ipi, nani anakagua, karatasi inasubiri muda gani kabla ya kuchanwa. Saini, weka tarehe. Ukurasa huo siku ya kesi una thamani kuliko skana yenyewe.

La mwisho ni moto na maji. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Mwenye duka ambaye kompyuta yake ilikuwa mezani na flashi ya akiba kwenye droo ya meza hiyohiyo, hakuwa na akiba. Weka nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe mbali na jengo: nyumbani kwa mkurugenzi, tawi jingine, au kwenye hifadhi ya mtandaoni kama bando lako linaruhusu. Nakala moja isiwe imechomekwa kwenye mtandao muda wote, maana wapo wahalifu wa kufunga mafaili ya watu na kudai fidia, na hufunga kila wanachokifikia. Mara moja kwa mwezi jaribu kufungua waraka mmoja kutoka kwenye nakala ya akiba. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa usiihesabu.

Kesho ukifika ofisini, usimpigie simu muuza mashine. Mpe mtunza masjala karatasi ya mistari, na kwa mwezi mmoja kila anayekuja kuomba waraka aandikwe: ni nani, ametaka nini, ameutajaje, na umechukua muda gani kupatikana. Mwezi ukiisha mwite muuza mashine, umkalishe, umpe orodha hiyo aisome yote kabla hajafungua katalogi yake. Akikuuliza maswali juu ya orodha, zungumza naye bei. Akiisukuma pembeni aanze kukusomea kasi ya mashine, mwambie aje mwaka ujao.